Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maonyesho ya Filamu za Kimataifa Hapa Chuoni

Haya ndo maswali tunayoulizwa kila muhula, mlangoni, kwenye imeili, na hata koridoni mtu akiwa anawahi mhadhara. Kama swali lako linagusana na lingine tumekuelekeza uende huko badala ya kurudia maneno.

## Mambo ya mwanzo

Haya maonyesho ni nini hasa?

Ni jioni moja kila wiki muhula ukiwa unaendelea. Tunazima taa za ukumbi wa mihadhara, tunaonyesha filamu moja nzima kutoka nchi fulani, kwa lugha yake yenyewe, halafu anayetaka kubaki anabaki tunaongea. Hakuna mtihani wala hakuna kuandika ripoti.

Sisi tunaamini kwamba filamu ukiiangalia na watu wengine kwenye giza moja unaielewa tofauti kabisa na ukiiangalia peke yako kwenye simu huku meseji zinaingia. Mtu nyuma yako anacheka sehemu ambayo wewe ulikuwa unaona huzuni tupu, na hapo hapo unaanza kujiuliza yeye kaona nini. Ndo maana tunahangaika na leseni na madiski na ukumbi, badala ya kuwatumia tu linki kila mtu aangalie kwake.

Lazima niwe mwanafunzi wa hapa?

Mara nyingi hapana, njoo na ndugu yako, njoo na jirani. Ila kuna filamu chache ambazo mwenye haki anaruhusu wanafunzi na wafanyakazi wa chuo peke yao, na hizo tunaziwekea alama kwenye ratiba, siku hiyo beba kitambulisho. Sababu iko kwenye sehemu ya leseni huko chini.

Ni bure kweli? Nani analipa?

Kwako ni bure, ila kuna mtu kalipa. Idara inatenga fungu, na kwa baadhi ya filamu tunasaidiwa na taasisi za utamaduni za nchi husika, maana kuna taasisi kama Goethe-Institut ya Ujerumani na Japan Foundation ambazo zina maktaba za filamu za kuazimisha kwa maonyesho yasiyo ya biashara. Ndo maana pia kuna miezi mnaona filamu za nchi moja zimefuatana.

Nahitaji kujisajili?

Hapana. Viti vikijaa vimejaa, kwa hiyo wahi.

Nikichelewa mtaniruhusu kuingia?

Dakika kumi za mwanzo tunakuruhusu, kupitia mlango wa nyuma, ukae kiti cha kwanza utakachokiona. Baada ya hapo tunaomba usubiri ya wiki ijayo. Tunajua inauma, lakini mlango ukifunguliwa mwanga wa koridoni unapiga moja kwa moja kwenye skrini na kama ni tukio la usiku picha inafutika kabisa, watu wote ukumbini wanapoteza kitu kwa ajili ya mtu mmoja. Na muda ulioandikwa kwenye ratiba ndo muda filamu inaanza, hatuweki matangazo mbele.

## Lugha na maandishi ya chini

Sijui Kikorea, sijui Kifarsi, nitaelewa kweli?

Utaelewa. Kila filamu ina maandishi ya chini kwa lugha ambayo watu wengi hapa wanasoma, na kabla hatujaitangaza tunahakikisha maandishi yapo na yanaendana na sauti. Dakika kumi na tano za kwanza unaweza ukahisi macho yanakimbizana, unasoma unakosa picha, unaangalia picha unakosa maneno. Baada ya hapo inazoeleka bila hata kujua. Ushauri wetu: kaa katikati au nyuma kidogo. Ukikaa mbele kabisa macho yanasafiri mbali sana kutoka usoni kwa mwigizaji mpaka chini kwenye maneno, na hiyo ndo inayochosha watu halafu wanalaumu lugha.

Kwa nini msiweke sauti iliyotafsiriwa, si ingekuwa rahisi?

Ingekuwa rahisi, na kuna nchi kama Italia, Ujerumani na Uhispania ambako watu wamezoea hivyo miaka mingi sana. Lakini sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake. Kuna jinsi mama anavuta pumzi kabla ya kumjibu mwanae, kuna mtu anabadilisha lahaja akiongea na bosi halafu anarudi kwenye lahaja ya nyumbani akipiga simu. Ukifuta sauti hiyo ukaweka ya mtu wa studio, vyote vimeenda. Filamu za watoto ndo tunaruhusu sauti iliyotafsiriwa, kwa sababu mtoto hajui kusoma haraka.

Naijua hiyo lugha na tafsiri imeacha maneno mengi, mbona hamjaona?

Tumeona, na mara nyingi siyo uzembe. Maandishi ya chini kwa kawaida ni mistari miwili tu, kila mmoja herufi kama 40 hivi, na yanakaa kwenye skrini kati ya sekunde moja na sekunde 6 au 7. Mtu akiongea kwa hasira anatoa maneno mengi kuliko jicho linavyoweza kusoma kwa muda huo, kwa hiyo mtafsiri analazimika kuchagua. Kuna matusi, kuna vichekesho, kuna namna ya kumuita mkubwa kwa heshima, hivo ndo vya kwanza kuanguka.

Sasa kama wewe lugha hiyo unaijua, tafadhali sana baki kwenye mjadala utuambie ni nini kilichoachwa. Ni mchango mkubwa kuliko uchambuzi wowote tutakaosoma mahali, na jioni zetu nzuri kabisa zimetokana na mtu mmoja kusema hapo alivyomuita siyo "wewe" ya kawaida.

"Kimataifa" maana yake filamu isiyo ya Kiingereza?

Kwetu hapana, na swali hili limewahi kuwa kubwa kweli. Tuzo za Oscar zilibadilisha jina la kundi lao mwaka 2019, kutoka filamu ya lugha ya kigeni kuwa filamu ya kimataifa, lakini sharti likabaki kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Mwaka huo huo Nigeria wakapeleka Lionheart ya Genevieve Nnaji, ikaondolewa kwa sababu mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, wakati Kiingereza ndo lugha rasmi ya Nigeria na ndivyo watu wanavyoongea wakiwa kazini. Sisi hatuhesabu lugha. Tunaangalia filamu imetoka wapi na inaongea na nani.

## Filamu zinachaguliwaje

Nani anachagua?

Kamati ndogo ya wanafunzi na wahadhiri, inabadilika kila mwaka. Tunaangalia zilizopita kwenye matamasha, siyo Cannes na Venice tu, pia FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, ambalo lipo tangu 1969 na Carthage ya Tunisia iliyoanza 1966, halafu tunauliza swali moja gumu: je kuna nakala nzuri tunayoweza kuipata kihalali? Hapo ndo nusu ya orodha inakufa.

Naweza kupendekeza filamu?

Ndio, na tunasoma yote. Ila ukituandikia "leteni filamu nzuri za Brazil" hatuna pa kuanzia. Andika jina la filamu kwa lugha yake ya asili, mwaka, mwongozaji, urefu, na sentensi mbili kwa nini unadhani tuiangalie pamoja. Sentensi hizo mbili ndo zinazoamua kuliko vyote.

Kwa nini mnaonyesha za zamani, nyingine nyeusi na nyeupe?

Kwa sababu filamu haiozi kwa kuwa na miaka 60, kinachooza ni mkanda wake. Mikanda ya zamani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, mingi ilikuwa ya nitreti, aina ya plastiki ambayo inashika moto kirahisi, na hata iliyofuata inachakaa, inapoteza rangi, inanuka siki. Filamu nyingi zimepotea kabisa. Kwa hiyo ikitokea moja imerekebishwa, picha kwa picha, tunaiweka kwenye ratiba haraka, maana hii ndo nafasi ya kizazi chenu kuiona kwenye skrini kubwa. Tangu 2017 kuna mradi wa pamoja wa FEPACI (shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika), UNESCO na The Film Foundation, taasisi ya mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, wa kutafuta na kurekebisha filamu 50 za Kiafrika, na zile zinazotoka huko tunazifuatilia kwa karibu.

Mbona kila muhula kuna Sembène?

Siyo kila muhula, ila ndio, anarudi. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alikuwa mwandishi wa riwaya tayari, anasomwa, halafu akaona watu wengi aliokuwa anawaandikia hawasomi Kifaransa, akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa karibu na umri wa miaka arobaini. La Noire de... ya 1966 ni ya Kifaransa, lakini ilipofika Mandabi ya 1968 wahusika wakaongea Kiwolof, lugha ya watu wengi Senegal. Mtu aliyehama kutoka kwenye kitabu kwenda kwenye skrini ili watu wake wamuelewe, kwa maonyesho kama haya yetu hatuwezi kumuacha nje.

Mnaonyesha filamu ndefu sana, hamuwezi kukata?

Hatukati hata dakika moja. Ikizidi masaa matatu tunaweka mapumziko, na tunaandika kwenye ratiba urefu kamili ili upange usafiri wako. Kuna filamu kama Sátántangó ya Béla Tarr ya 1994 inayopita masaa 7, hiyo ni siku nzima na tukiileta tutasema mapema. Filamu inayoenda polepole inakutaka ukae nayo, na watu wengi wanaotuandikia baadaye kwa furaha ni wale walioanza kwa kunung'unika dakika ya ishirini.

## Leseni

Filamu iko Netflix na mna akaunti, kwa nini msicheze tu kutoka hapo?

Hili ndo linaongoza kwa kuulizwa, ngoja tulieleze vizuri.

Ukilipia akaunti au ukinunua DVD, umenunua haki ya kuangalia nyumbani, wewe na watu wako. Kuonyesha watu wengi ukumbini ni haki nyingine tofauti, inaitwa haki ya kuonyesha hadharani, na inabaki kwa mwenye filamu au msambazaji wake. Haijalishi kiingilio ni bure, haijalishi ni chuo, haijalishi hakuna anayepata faida. Kwa hiyo kwa kila filamu tunamtafuta msambazaji, tunamwambia ukumbi una viti vingapi, tunaonyesha mara ngapi, mlango uko wazi kwa nani, tunatangaza wapi, naye anatupa bei na masharti kulingana na majibu hayo. Ndo hapo linatoka lile sharti la wanafunzi tu.

Ugumu mwingine ni kumpata mwenyewe. Kampuni iliyotengeneza filamu ilishakufa, haki zikauzwa mara mbili, mrithi hajibu barua. Kuna filamu tumeitaka kwa muda mrefu na mpaka leo hatujapata mtu wa kumlipa. Hatuionyeshi. Mwongozaji aliyetengeneza filamu kwa shida kwenye nchi isiyo na fedha za filamu anategemea hizi hela za maonyesho madogo madogo, sasa sisi tunaompenda tukiwa wa kwanza kumkwepa haitakuwa sawa.

Lakini mhadhiri wetu anatuonyesha darasani bila leseni?

Sheria za nchi nyingi zina nafasi ya pekee kwa kufundisha, mwalimu na wanafunzi wa somo hilo, ana kwa ana, kama sehemu ya kipindi. Jioni ya wazi yenye bango ukutani haiingii kwenye nafasi hiyo hata kama mada inafanana na somo lenu.

Filamu ya zamani sana si haina hakimiliki tena?

Inategemea nchi. Mkataba wa Berne wa 1886 unaweka kiwango cha chini, kwa filamu ni miaka 50 tangu ilipotolewa kwa umma, na nchi nyingi zimeongeza, Marekani kwa mfano filamu za zamani zinahesabiwa miaka 95. Na hata filamu yenyewe ikiwa huru, muziki mpya uliorekodiwa juu yake una mwenyewe, na maandishi ya chini aliyoyatafsiri mtu juzi yana mwenyewe. Tunauliza kila mara.

Kwa nini mnaahirisha dakika za mwisho?

Mara nyingi ni ufunguo. Filamu za sinema siku hizi zinakuja kama DCP, rundo la mafaili linaloweza kufika gigabaiti 100 mpaka 300, ndani ya diski au kwa kupakua. Mafaili hayo yanakuwa yamefungwa, na msambazaji anatuma ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ile moja ya ukumbi wetu na unaofanya kazi kwa masaa yaliyokubaliwa tu. Mashine ikibadilishwa, au mtu akikosea tarehe kwenye ufunguo, filamu ipo mbele yetu na haifunguki. Hapo hakuna fundi wa kukuokoa, ni kumwandikia msambazaji na kuomba awe macho.

Naweza kurekodi kidogo kwa ajili ya stetasi?

Hapana, hata sekunde tano. Piga picha ya bango nje.

## Ndani ya ukumbi

Picha ina vipande vyeusi pembeni, projekta ni mbovu?

Nzima kabisa. Filamu zina maumbo tofauti. Nyingi za zamani zina umbo karibu na mraba, 1.37 kwa 1 (yaani upana ni mara 1.37 ya kimo cha picha), nyingine ni pana 1.85, na nyingine ni pana zaidi 2.39. Skrini ni moja, kwa hiyo kuna nafasi itabaki nyeusi, pembeni au juu na chini. Tungeweza kuvuta picha ijae lakini watu wangenenepa au vichwa vingekatwa, na mwongozaji alipanga kila kitu kulingana na ule mpaka.

Kitu ambacho ni ubovu kweli na tunaomba utuambie haraka ni hiki: muziki na sauti za nje zinasikika lakini maneno ya wahusika yako mbali kama wanaongea chini ya maji. Hapo spika ya katikati imekufa au waya umetoka, maana mazungumzo mengi yanapitia hiyo. Njoo kwa mtu wa mlangoni, usione aibu, kwenye chumba cha projekta hatusikii mnachosikia ninyi. Kabla ya kila onyesho tunacheza kipande na mmoja wetu anaenda kukaa safu ya mwisho kusikiliza, lakini ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa watu havitoi sauti sawa.

Simu je?

Zima, au iweke mahali usipoweza kuigusa. Kuweka kimya haitoshi kwa sababu shida kubwa ni mwanga, ukifungua simu tu watu wa safu zote za nyuma yako wanaona.

Nikitaka kutoka katikati?

Toka, hakuna atakayekuuliza. Kuna filamu zinagusa mambo mazito na mtu ana haki ya kusema inatosha. Kwenye ratiba tunaandika maonyo kama kuna ukatili, unyanyasaji wa kingono, kujiua au mauaji ya wanyama.

Natumia kiti cha magurudumu, au sisikii vizuri, au nina kifafa?

Kuna nafasi za viti vya magurudumu katikati na siyo mbele kabisa, na mlango wake hauna ngazi. Kwa wasiosikia, angalia alama kwenye ratiba: maandishi ya kawaida yanatafsiri maneno tu, yale ya viziwi yanaandika pia mlango umegongwa, muziki umeanza, nani anaongea akiwa haonekani. Siyo kila filamu inayo na tunaendelea kuwaomba wasambazaji. Kwa kifafa, filamu yenye mwanga wa kumetameta tunaiwekea onyo, na ukituandikia kabla tunakutajia dakika zenyewe.

Kwa nini hamuwashi taa filamu ikiisha?

Kwa sababu majina bado yanapita. Wale ndo walioifanya. Pia muziki wa mwisho unakupa nafasi ya kufuta machozi kabla jirani hajakuangalia.

## Mjadala

Lazima nibaki?

Hapana.

Sijasomea filamu, nitasema nini?

Sema ulichokiona. "Mbona yule mzee hakula kile chakula?" ni swali zuri kuliko nadharia nyingi, na mara nyingi ukumbi mzima ulikuwa unalo. Anayeongoza mjadala anaanza na wale ambao hawajawahi kuongea, na mtu akiongea sana anaombwa awaachie wengine.

Filamu imeonyesha nchi yangu vibaya, nifanyeje?

Kwanza tunakuomba uje useme, ukumbini, siku hiyo hiyo. Filamu moja haiwezi kubeba nchi nzima, na hatari ya maonyesho kama yetu ni kwamba mtu anaona filamu moja ya nchi fulani maisha yake yote na anaondoka anadhani ameijua. Filamu zinazosafiri kwenye matamasha mara nyingi ni zile zenye umaskini, vita na huzuni, kwa sababu ndo zinazopata fedha na waalikaji wa nje. Tunalijua hilo na tunajitahidi kuweka vichekesho, mapenzi, filamu za watu wa kawaida wanaogombania urithi wa nyumba.

Lakini pia hatutaondoa filamu kwa sababu tu imeudhi. Mara nyingi mwongozaji mwenyewe ni mtoto wa nchi hiyo na ana ugomvi wake wa ndani na kwao, na ana haki nao. Tukishasikia hoja yako tunaweza kuongeza filamu ya pili kutoka huko huko inayotazama upande mwingine. Ukiwa nayo kichwani, itaje, utaratibu uko kwenye swali la kupendekeza filamu.

## Mambo ya pembeni

Urefu mlioandika haulingani na nilioona mahali pengine?

Inawezekana zote ziko sahihi. Filamu za sinema huwa picha 24 kwa sekunde, lakini mfumo wa zamani wa televisheni na DVD za Ulaya ni picha 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96 bila kukatwa chochote, inaenda haraka kidogo tu. Filamu bubu ndo zaidi, maana zilipigwa kwa kasi tofauti tofauti. Sababu nyingine ni kwamba kuna matoleo mawili, na hapo tunaandika lipi.

Nikihudhuria napata maksi?

Muulize mhadhiri wako, sisi hatuhesabu watu kwa ajili ya masomo. Akitaka uthibitisho tunagonga mhuri kwenye karatasi yako baada ya filamu kuisha, siyo kabla.

Umeme ukikatika katikati?

Tunasubiri nusu saa. Ukirudi tunaanzia dakika chache nyuma, usiporudi tunamwomba msambazaji siku nyingine, na kwa kawaida wanaelewa. Ufunguo mpya utahitajika (rudi kwenye swali la kuahirisha), kwa hiyo inaweza kuchukua wiki.

Nimetengeneza filamu fupi mwenyewe, mtaionyesha?

Tunaitaka! Kabla ya filamu kuu kuna nafasi ya filamu ya mwanafunzi isiyozidi dakika 15. Tunaomba vitu vichache: ruhusa ya watu wanaoonekana, maandishi ya chini kama lugha haieleweki na wengi, na muziki ambao una haki nao. Muziki ndo unaoangusha wengi, mtu kapiga picha nzuri mno halafu kaweka wimbo maarufu ambao hana ruhusa nao, tunalazimika kumrudishia. Bora umtafute rafiki apige gitaa.

Halafu usilete faili dakika tano kabla. Lete siku mbili mapema, likiwa toleo la mwisho, tulicheze wote wawili kwenye projekta ile ile. Matukio ya giza yanayoonekana vizuri kwenye laptopu yako yanaweza kuwa meusi tii ukumbini, na sauti uliyoichanganya kwa iafoni inaweza kuzidiwa na besi. Ukiyaona hayo siku mbili kabla bado una muda wa kurudi kurekebisha.